Istilahi za isimu na mawasiliano

Istilahi za isimu na mawasiliano ni maneno maalumu yanayotumiwa katika Kiswahili kuielezea lugha yenyewe: sauti zake, maumbo ya maneno yake, miundo ya sentensi zake, maana zake na namna watu wanavyoitumia kuwasiliana. Neno istilahi limetokana na Kiarabu na asili yake inahusu makubaliano. Neno huwa istilahi pale wataalamu wa fani fulani wanapokubaliana kwamba litabeba dhana moja iliyo wazi, hata kama mitaani neno hilohilo lina maana nyingine.

Mwanafunzi wa sekondari hukutana na istilahi hizi mapema, na mara nyingi huzikariri bila kuzielewa. Jambo hilo lina gharama, kwa sababu maswali ya sarufi katika mtihani hutegemea mwanafunzi kujua anaulizwa nini. Akiulizwa kiima akajibu nomino, atapoteza alama ingawa pengine sentensi ameielewa vizuri.

Historia

Wageni wa kwanza walioandika sarufi za Kiswahili, kama Ludwig Krapf katika karne ya 19 na baadaye Edward Steere wa Unguja, waliieleza lugha hii kwa Kiingereza na kwa mpangilio wa sarufi za Ulaya. Hali hiyo iliendelea hata baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930. Kitabu cha sarufi cha E. O. Ashton cha mwaka 1944, ambacho kilitumika kwa miaka mingi, nacho kiliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kulikuwa na maelezo mengi kuhusu Kiswahili, lakini Kiswahili chenyewe kilikuwa na maneno machache ya kujieleza.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya uhuru. Mwaka 1964 kazi za Kamati zilihamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chombo hicho baadaye kikajulikana kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Mwaka 1967 Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), ambalo miongoni mwa kazi zake ni kusanifu istilahi. Kuanzia miaka ya 1970 isimu ya Kiswahili ilifundishwa chuoni hapo kwa Kiswahili. Mhadhiri anayesimama mbele ya darasa hawezi kusubiri kamati ikae. Alihitaji neno asubuhi hiyohiyo. Istilahi nyingi zilizaliwa hivyo, katika mihadhara na semina, kisha zikakusanywa na kuchujwa. Mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha. Baadaye vitabu vya Massamba, Kihore na Hokororo, hasa Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu (1999), viliingiza istilahi hizo katika vyuo na shule nyingi.

Namna istilahi zilivyopatikana

Kundi la kwanza ni maneno ya zamani yenye asili ya Kiarabu ambayo yalikuwa tayari katika Kiswahili au yalichukuliwa upya: lugha, sarufi, lahaja, lafudhi, herufi, fasihi, maana. Baadhi yaligeuka maana njiani. Isimu katika Kiarabu ni "jina", lakini katika Kiswahili ndiyo elimu nzima inayochunguza lugha kwa njia ya kisayansi. Irabu, ambayo katika sarufi ya Kiarabu inahusu mabadiliko ya mwisho wa maneno, kwetu ni sauti kama a, e, i, o na u. Nahau imesafiri mbali zaidi. Kwa Waarabu ni elimu ya muundo wa sentensi, na vitabu vya zamani vya Kiswahili viliitumia kwa maana ya sarufi. Leo mwanafunzi akisikia nahau hufikiria misemo kama "kupiga moyo konde" au "kuvunjika moyo", ambayo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yake. Anayesoma maandishi ya zamani inafaa akumbuke tofauti hiyo.

Kundi la pili ni maneno yaliyotoholewa, yaani kuchukuliwa kutoka lugha za Ulaya na kupewa sura ya Kiswahili: fonimu, mofimu, silabi, konsonanti, sentensi, sintaksia, semantiki, nomino. Faida yake ni kwamba msomaji huweza kuyalinganisha na maandishi ya lugha nyingine. Hasara yake ni kwamba hayamwambii lolote mtu anayeyaona mara ya kwanza.

Kundi la tatu limeundwa kwa mizizi ya Kiswahili chenyewe, na kwa maoni ya walimu wengi hili ndilo linalofundishika kwa urahisi zaidi. Kutokana na kutenda tunapata kitenzi, kutokana na kueleza, kielezi, kuunganisha, kiunganishi, kuwakilisha, kiwakilishi. Kivumishi kimetokana na kuvumisha: ni neno linaloipa nomino sifa ya kuvuma nayo, kama "mrefu" katika "mti mrefu". Mnyambuliko umetokana na kunyambua, yaani kuchana au kutenganisha kitu vipande. Mtoto akionyeshwa uhusiano huo mara moja, hasahau.

Baadhi ya maneno yalichukuliwa kutoka lugha nyingine za Kibantu. Mfano unaotajwa sana ni ngeli, lililotoka Kihaya kwa maana ya "aina".

Istilahi za sauti

Fonetiki huchunguza sauti za lugha kama zinavyotamkwa na kusikika, bila kujali zinatumika katika lugha gani. Fonolojia huchunguza namna lugha moja inavyozipanga na kuzitumia sauti zake kutofautisha maana. Kikohozi kinaweza kupimwa kwa vifaa vya fonetiki, lakini hakina nafasi katika fonolojia ya lugha yoyote.

Fonimu ni kipashio kidogo kabisa cha sauti kinachoweza kubadili maana ya neno. Njia ya kuitambua ni kutafuta jozi ya maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu, kama "pata" na "bata", au "kura" na "kula". Jozi hii ya pili ni muhimu darasani. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki wapo watu ambao lugha yao ya kwanza haitenganishi /r/ na /l/. Mwanafunzi wa namna hiyo akiandika kwamba wananchi walikwenda "kupiga kula", tatizo si uvivu wala uzembe wa tahajia. Fonolojia ya lugha yake ya kwanza inaziona sauti hizo kuwa kitu kimoja. Mwalimu anayelijua hilo atampa mazoezi ya kusikiliza kabla ya kumpa mazoezi ya kuandika.

Alofoni ni sura mbalimbali za fonimu moja ambazo hazibadili maana. Jambo ambalo katika lahaja moja ni alofoni tu linaweza kuwa fonimu katika lahaja nyingine. Mfano mzuri ni mpumuo, yaani pumzi inayotoka kwa nguvu baada ya sauti kama p, t au k. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, "paa" bila mpumuo ni la nyumba, lakini likitamkwa kwa mpumuo ni mnyama wa porini. Vivyo hivyo "kaa" la moto na "kaa" wa baharini hutofautishwa. Maandishi ya Kiswahili sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo, na wazungumzaji wengi wa bara hawaifahamu.

Konsonanti hugawanywa kwa namna hewa inavyozuiwa mdomoni. Vipasuo (p, b, t, d, k, g) huzuia hewa kabisa kisha kuiachia ghafla. Vikwamizi (f, v, s, z na wenzao) huibana tu ipite kwa kukwaruza. Nazali, ambazo baadhi ya vitabu huziita ving'ong'o, hupitisha hewa puani. Sauti /l/ ni kitambaza kwa kuwa hewa hupita pembeni mwa ulimi, na /r/ ni kimadende kwa sababu ya mtetemo wa ncha ya ulimi. Sauti ghuna ni zile zinazotetemesha nyuzi za sauti kooni. Weka kidole kwenye koromeo, utamke "zzz" kisha "sss", na tofauti ya ghuna na sighuna itajieleza yenyewe.

Juu ya sauti mojamoja kuna mkazo, kiimbo na toni. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana "barabara" ya magari ina mkazo kwenye ba ya pili, lakini "barabara" kwa maana ya "sawasawa" huwekewa mkazo kwenye ra ya kwanza. Kiimbo ni kupanda na kushuka kwa sauti katika tungo nzima: "Mama amekwenda sokoni" inaweza kuwa taarifa au swali bila kubadili neno hata moja. Toni ni kiwango cha sauti kinachobadili maana ya neno. Kiswahili sanifu hakina toni ya namna hiyo, ila lugha nyingi za Kibantu zinazokizunguka, kama Kisukuma na Kikuyu, zinayo.

Istilahi za maumbo

Mofolojia ni tawi linalochunguza muundo wa ndani wa maneno. Kipashio chake ni mofimu, sehemu ndogo kabisa ya neno yenye maana au kazi ya kisarufi. Kitenzi "hatutawapigia" ni neno moja lenye mofimu saba: ha- ya ukanushi, -tu- ya nafsi, -ta- ya wakati ujao, -wa- ya mtendwa, mzizi -pig-, -i- ya kutendea, na irabu ya mwisho -a. Zinazotangulia mzizi ni viambishi awali, zinazofuata ni viambishi tamati. Kuongeza viambishi vya nyuma na kupata pigwa, pigia, pigana, pigisha ndiko kunyambulisha.

Wanafunzi huchanganya mzizi na shina. Mzizi ni sehemu isiyoweza kugawanywa zaidi bila kupoteza maana ya msingi: -pig-. Shina ni sehemu inayoweza kupokea viambishi zaidi. Linaweza kuwa mzizi pamoja na irabu ya mwisho (piga) au pamoja na viambishi vya mnyambuliko (pigana).

Ngeli ndiyo istilahi inayosumbua kuliko zote, kwa kuwa kuna njia mbili za kuzipanga nomino na vitabu havisemi kila mara vinafuata ipi. Njia ya kwanza ni ya kimofolojia: huangalia umbo la nomino lenyewe, na hapo tunapata majina kama M-WA, M-MI na KI-VI. Njia ya pili ni ya kisintaksia: huangalia upatanisho wa nomino na kitenzi, na hapo tunapata A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na kadhalika. Mara nyingi njia hizo hukubaliana, lakini si daima. "Kipofu" na "kifaru" zina umbo la KI-VI, lakini tunasema "kipofu amefika", "vifaru wamekimbia". Kimofolojia zimo katika KI-VI. Kisintaksia zimo katika A-WA. Majibu yote mawili ni sahihi ilmradi kigezo kimetajwa. Swali linalouliza tu "nomino hii iko ngeli gani?" ni swali pungufu, na lawama hapo si ya mwanafunzi. Wataalamu wanaolinganisha lugha za Kibantu hutumia namba badala ya viambishi. Mpango huo una mizizi katika kazi za Wilhelm Bleek na Carl Meinhof, na unasaidia kuona kwamba "mtu" wa Kiswahili na "omuntu" wa Kiganda wamo katika ngeli moja.

Istilahi za sentensi

Sintaksia huchunguza namna maneno yanavyopangwa kuunda tungo. Tungo hupanda ngazi: neno, kirai, kishazi, sentensi. Kirai hakina muundo wa kiima na kiarifu ("mtoto yule mdogo"). Kishazi kina kitenzi, nacho ni huru kikijitosheleza, au tegemezi kikihitaji kingine ("aliyekuja jana").

Mkanganyiko mkubwa hapa ni kati ya kiima na kirai nomino. Katika "Mwalimu anafundisha Kiswahili", neno "mwalimu" ni kirai nomino kwa muundo wake na kiima kwa kazi yake. "Kiswahili" nacho ni kirai nomino, lakini kazi yake ni yambwa. Kwa hiyo kirai kinajibu swali "kimeundwaje?" na kiima kinajibu swali "kinafanya nini katika sentensi?" Mtu anaweza kuwa mwanamke na pia kuwa mwenyekiti wa kikao, hakuna anayeuliza lipi kati ya hayo mawili ndilo kweli.

Istilahi za maana na matumizi

Semantiki ni elimu ya maana. Humo kuna visawe (maneno yenye maana inayokaribiana), vinyume, na polisemia, yaani neno moja kuwa na maana kadhaa zinazohusiana, kama "mdomo" wa mtu na wa chupa. Maana zisipohusiana, kama "panda" mlima na "panda" mbegu, hiyo ni homonimia. Utata hutokea tungo inapokuwa na tafsiri zaidi ya moja. Sentensi "Ali amempigia Juma mpira" inaweza kumaanisha kwamba Ali aliuelekeza mpira kwa Juma, au alipiga kwa niaba yake. Chanzo ni kiambishi -i- cha kutendea, ambacho kina kazi nyingi.

Pragmatiki huanzia pale semantiki inapoishia, yaani huangalia maana inayotokana na muktadha. Mgeni anayesema "Hodi" hatoi habari yoyote. Anatenda tendo la kuomba ruhusa. Mwanafalsafa John Langshaw Austin, ambaye kitabu chake kilitolewa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kusema mara nyingi ni kutenda: kuahidi, kuoza, kufungua kikao. Katika Kiswahili dhana hiyo huitwa vitendo uneni, na wengine huandika vitendo vya usemi.

Istilahi za mawasiliano

Mawasiliano ni neno pana kuliko lugha. Istilahi zake nyingi zilianzia kwa mhandisi. Mwaka 1948 Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani, alieleza namna ujumbe unavyosafiri kutoka chanzo, kupitia kisambazaji na njia, hadi kwa mpokeaji. Kwa kuwa yeye alishughulika na nyaya, kelele kwake ilikuwa jambo lolote linaloharibu mawimbi njiani. Katika vitabu vya mawasiliano kelele imepanuka: ni usingizi wa msikilizaji, ni lafudhi asiyoizoea, ni istilahi asiyoijua. Mrejesho, yaani jibu linalomrudia mtumaji, uliongezwa na wataalamu waliofuata, kwani watu hawafanani na nyaya.

Si kila ujumbe hupitia sauti. Viziada lugha ni vile vinavyosindikiza maneno, kama ishara za mikono, mtazamo wa macho na kimya. Kanga ni njia ya mawasiliano yenye faida ya pekee: anayevaa maneno yake anaweza kukana kwamba alimlenga mtu. Lakini lugha ya alama ya viziwi haimo katika kundi la viziada. Ni lugha kamili yenye sarufi yake.

Katika isimu ya karne ya 20 kuna istilahi kadhaa ambazo mwanafunzi wa chuo hukutana nazo. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kufa kwake, aliigawa ishara ya lugha katika kiashiria (umbo la sauti) na kiashiriwa (dhana). Noam Chomsky mwaka 1965 alitenganisha umilisi, ujuzi alionao mzungumzaji kichwani, na utendi, namna anavyoutumia. Dell Hymes alijibu kwamba kujua sarufi hakutoshi. Lazima mtu ajue pia aseme nini, kwa nani na wakati gani, na hiyo ndiyo inayoitwa umilisi wa mawasiliano. Kijana anayemwamkia mzee kwa "mambo?" hajakosea sarufi.

Istilahi za lugha na jamii

Isimujamii huchunguza uhusiano wa lugha na watu wanaoitumia. Lahaja ni namna ya lugha inayohusishwa na eneo au jamii, kama Kiunguja, Kimvita, Kiamu, Kipemba na Kimakunduchi. Kiswahili sanifu nacho kimejengwa juu ya lahaja moja, na kusanifiwa kwake hakuzifanyi nyingine kuwa makosa. Lafudhi ni tofauti ya matamshi tu. Mtu anaweza kuzungumza Kiswahili sanifu kwa lafudhi ya Kichaga. Rejesta ni mtindo wa lugha kulingana na shughuli. Mhudumu wa hoteli anayepaza sauti "Chapati maharage mbili, meza ya dirishani!" ameacha vitenzi na viunganishi vyote, na jikoni wamemwelewa barabara.

Tofauti za istilahi kati ya nchi

Tanzania na Kenya hazitumii istilahi sawa kila mahali. Kinachoitwa rejesta upande mmoja huitwa sajili upande wa pili. Kubadili msimbo, yaani kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine katika mazungumzo, huitwa pia kuhamisha ndimi. Lugha ya alama ya Tanzania ina mwenzake wa Kenya anayeitwa lugha ya ishara. Vikwamizi huwa vikwamizo au vikwaruzo, na vitabu vya Kenya hutumia sana vitate (maneno yanayokaribiana kwa matamshi) na vitawe (maneno yenye maana zaidi ya moja), ambayo mwanafunzi wa Tanzania anaweza kumaliza shule bila kuyasikia.

Tofauti hizi humwumiza zaidi mwanafunzi anayehama shule kuvuka mpaka, na anayejisomea kwa vitabu vilivyochanganyika. Njia ya kufaa ni kuandika maana ya kila istilahi kwa maneno yake mwenyewe pamoja na mfano mmoja, kisha kuweka kando majina yote aliyokutana nayo. Katika mtihani atumie jina la mtaala wa nchi anayofanyia mtihani, na atumie hilohilo tangu mwanzo hadi mwisho wa jibu.